Goti langu, tangawizi na unga usio na jina

Goti langu la kulia lilianza kuvimba mwezi wa Agosti 2021, katikati ya msimu wa sare za shule, wakati ambapo sisi washonaji wa Kadutu, mtaa wa Bukavu huku mashariki mwa Kongo, hatujui usiku wala mchana kwa sababu ya mashati meupe na sketi za buluu ambazo wazazi wote wa mji huzitaka siku moja. Nina cherehani ya kukanyaga niliyorithi kwa mama, na mguu wa kulia ndio unaoiendesha; jioni, kazi ikiisha, mguu huohuo hunipandisha mlima kunirudisha nyumbani. Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Kisha asubuhi moja niliamka nikakuta goti limejaa, ngozi imetanuka na kung'aa kama ya papai lililoiva, na nilipoliwekea kiganja nilihisi joto ambalo goti la kushoto halikuwa nalo.

Yaliyofuata yalinichukua mwaka mzima, yakanipotezea mashine moja, na nusura yanipotezee uhai. Siandiki haya ili kuzisema vibaya dawa za miti, maana mpaka leo ninazitumia. Ninaandika kwa sababu nilichanganya vitu viwili ambavyo watu huviita kwa jina moja: mmea ninaoujua, na unga ninaoambiwa tu kwamba umetokana na mmea.

Kosa la kwanza nililifanya dukani, kwenye dawa za kizungu. Nilimwambia kijana aliyekuwa akiuza kwamba goti linauma, naye akanihesabia vidonge kumi vya diklofenaki, akavifunga katika kipande cha karatasi ya daftari. Hakuniuliza kitu, nami sikumuuliza kitu. Kwa miezi mitatu nilimeza viwili kwa siku, na siku za kazi nyingi vitatu, bila kujua kwa nini goti lenyewe limevimba. Kufikia Novemba nilikuwa nikiamka saa tisa za usiku tumbo likiwaka moto. Baadaye nilielezwa kwamba diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hutuliza uvimbe kwa kuzuia kemikali ambazo mwili huzitengeneza kuleta joto na maumivu, lakini kemikali za jamaa hiyohiyo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuzisaidia figo kupata damu ya kutosha. Kwa hiyo anayezimeza kila siku kwa miezi hulituliza goti huku akichimba tumbo.

Shangazi yangu alishuka kutoka Walungu mwezi huohuo, akanikuta nimejikunja kitandani. Alipoambiwa habari ya vidonge alitikisa kichwa. "Tumbo ni chungu, mwanangu," alisema. "Ukikipasua, utapikia wapi?" Katika kikapu chake alikuwa na majani machungu ya mubirizi, ambayo huko kwao Bushi karibu kila ua unayo, pamoja na tangawizi na manjano mabichi. Kila asubuhi alitwanga kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba na kipande kidogo cha manjano, akavichemsha kwa dakika kumi katika vikombe viwili vya maji, akatia pilipili manga kidogo, akachuja. Mubirizi nilinywa siku mbili, nikaomba nisamehewe, maana uchungu wake haukuwa na mwisho.

Kwa wiki mbili sikuona lolote. Katika wiki ya tatu niligundua, bila kutarajia, kwamba ninashuka ngazi za kwetu bila kushika ukuta. Ule ulikuwa unafuu wa kweli, tena tumbo lilikuwa limepoa kwa kuwa nilikuwa nimeacha vidonge. Ila ulikuwa unafuu mdogo, nami nilitaka mkubwa, na haraka. Shangazi aliporudi kwao nikaanza kubuni mambo yangu. Nilitwanga tangawizi pamoja na pilipili kali, nikazipaka kwenye goti, nikafunga kwa kitambaa na juu yake mfuko wa plastiki, nikalala. Nilikuwa nimesikia kwamba dawa inayowasha ndiyo inayovuta uvimbe. Asubuhi ngozi ilikuwa imetoa malengelenge matatu, moja likiwa na ukubwa wa sarafu, na kidonda kile kilichukua wiki tatu kupona. Alama yake bado ipo. Ni kweli kwamba kile kinachowasha katika pilipili hutumika hospitalini katika malhamu za viungo, lakini huko kimepimwa kwa sehemu ndogo sana, wala hakifungwi kwa plastiki usiku kucha. Mtu akitaka kupaka tangawizi nyumbani, na aloweshe kitambaa katika maji yake yaliyopoa hadi kuwa vuguvugu, akiweke kwa robo saa, akitoe na kuitazama ngozi.

Kuna hesabu moja ambayo ingenipa subira kama ningeijua siku zile. Kitu kinachosifiwa katika manjano ni kurkumini, na unga wa kawaida wa manjano una kurkumini takribani asilimia 3. Kijiko cha chai, chenye gramu 3 hivi, kinabeba basi miligramu 90 hivi. Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walichapisha matokeo ya jaribio la watu 367 wenye magoti yaliyolika: wengine walipewa ibuprofeni, miligramu 1,200 kwa siku, na wengine dondoo ya manjano, miligramu 1,500 kwa siku, kwa muda wa wiki nne. Maumivu yalipungua karibu sawa katika makundi yote mawili, na waliokunywa manjano walilalamikia tumbo kwa uchache zaidi. Habari hiyo ni njema, lakini dondoo ile imekolezwa, na kikombe cha shangazi hakikukolezwa. Tena kurkumini hupita tumboni bila kuingia sana katika damu. Pilipili manga huisaidia kuingia, jambo lililoonyeshwa mwaka 1998, lakini huweza pia kuzisaidia dawa nyingine za hospitali kuingia kupita kiasi. Kwa hiyo kikombe cha asubuhi kilikuwa kikifanya kazi yake ndogo kwa kadiri ya uwezo wake. Mimi ndiye niliyekuwa nikikidai kazi ya punda.

Mwezi wa Machi 2022, kwenye njia inayoingia sokoni, nilikutana na muuzaji mwenye kipaza sauti na meza ndogo. Alikuwa na mizizi mikavu aliyoipanga vizuri kama mapambo, na mbele yake vifuko vya plastiki vyenye unga wa rangi ya kahawia, bila karatasi, bila jina, bila tarehe. Alisema ni mizizi saba na magome matatu kutoka msituni. Kifuko cha wiki moja kilikuwa faranga 5,000. Alinitazama nikichechemea akasema, "Mama, leo ulale na goti hilo, keshokutwa utaamka na goti la msichana."

Na kweli. Nilinywa nusu kijiko jioni ile katika chai. Unga ulinukia karafuu, na nyuma ya karafuu kulikuwa na uchungu mwembamba wa kidonge, ambao ulimi wangu uliutambua lakini akili ikaupuuza. Siku ya pili goti lilikuwa limenywea. Siku ya nne nilikanyaga cherehani kuanzia asubuhi hadi saa nne za usiku, nikaimba. Nilikuwa na nguvu ambazo sikuwa nimeziona tangu ujana, nikawa ninakula bugali na samaki wadogo wa sambaza kwa kiasi cha watu wawili, na usiku usingizi haukuja lakini sikuujali. Niliwapeleka kwa yule muuzaji wateja wangu wawili na dada yangu mdogo. Jambo hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote ninayoyasimulia hapa.

Baada ya miezi miwili watu walianza kunisifu. Hapa kwetu mtu akinenepa husemwa kwamba maisha yamemkalia vizuri, na uso wangu ulikuwa umejaa, mashavu mekundu-mekundu, mviringo kabisa. Aliyenishtua hakuwa mtu, bali futi yangu ya kupimia. Mwezi wa Julai nilikuwa nikijishonea libaya la kikwembe, yaani blauzi ya kitenge, kwa ajili ya arusi ya mpwa wangu, nikatumia vipimo vyangu vya zamani vilivyoandikwa katika daftari. Kola haikufunga. Nilijipima upya: kiuno kilikuwa kimetoka sentimita 88 hadi 101, na shingo nayo ilikuwa imeongezeka, hasa kwa nyuma, ambako palikuwa na kibonge laini ambacho sikuwahi kuwa nacho. Lakini mkono, sehemu ya juu ya kiwiko, ulikuwa umepungua sentimita 3. Nimepima miili ya wanawake kwa miaka mingi na ninajua jinsi mtu anavyonenepa: mkono hunenepa pamoja na kiuno. Mwili uliokuwa mbele ya kioo changu ulikuwa ukinenepa katikati na kukonda pembeni. Nilipopinda kitambaa niliona pia madoa ya bluu kwenye mikono, mahali ambapo sikukumbuka kugongwa.

Nilishusha pindo, nikapanua kola, nikaenda arusini.

Kiu ndiyo iliyonipeleka kwa mtu. Nilikuwa nikinywa maji lita nne kwa siku na kuamka mara tano usiku. Muuguzi mmoja tunayesali naye alinichoma kidole baada ya ibada akapata sukari miligramu 268 kwa desilita, ilhali mtu mwenye 200 au zaidi, akiwa na dalili kama zangu, huhesabiwa kuwa na kisukari. Aliniuliza ninatumia dawa gani. Nikamjibu, "Dawa ya miti tu." Kwa neno hilo moja nilimfunga macho. Kama ningemwambia kwamba ninakunywa unga usio na jina, unaoponya kwa siku mbili, nadhani angeuliza zaidi. Alinishauri niuache na niende hospitali wiki hiyo. Niliuacha jioni ileile, kwa kiburi cha mtu anayejiona ametubu, na safari ya hospitali nikaiahirisha hadi nimalize oda moja.

Siku ya tatu goti lilirudi mara mbili ya lilivyokuwa. Siku ya nne nilitapika kila nilichokula, viungo vyote viliuma, na nilipojaribu kusimama kutoka kitini dunia ilizunguka nikaanguka kando ya cherehani. Mwanangu alinipakia kwenye pikipiki, mimi katikati yake na dereva, na barabara yetu ya mashimo nikaipita nikiwa nusu ninajua na nusu sijui. Hospitali walipima tansio, yaani shinikizo la damu, wakakuta 8 juu ya 5, ambayo wengine huisoma 80 juu ya 50. Sauti nilizozisikia zilikuwa za watu wanaokimbia.

Daktari aliyenishughulikia alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Baada ya chupa mbili za maji ya mshipani, nilipoweza kuzungumza, aliuliza swali lilelile la dawa, nami nikaanza jibu lilelile. Mwanangu akanikatiza, akatoa kifuko mfukoni mwake, akakiweka juu ya shuka. Daktari alikinusa, akautazama uso wangu, akanigeuza kuitazama shingo kwa nyuma, akaniomba ruhusa afunue tumbo. Palikuwa na michirizi ya zambarau ambayo sikuwa nimeiona kwa sababu tumbo lilikuwa limeificha. "Mama," alisema kwa upole, "ndani ya huu unga si mizizi peke yake."

Hakuwa na maabara ya kuupima unga, na hilo aliniambia wazi. Alichokuwa nacho ni mwili wangu, ambao kwake ulikuwa kama barua iliyoandikwa. Dalili zote zilielekeza kwenye dawa za jamii ya kortizoni, kama deksametazoni au prednizoloni, ambazo katika nchi nyingi zimekutwa zimesagwa na kuchanganywa katika dawa zinazouzwa kama za asili, hasa za viungo na za pumu, kwa kuwa ni za bei ndogo na huleta unafuu wa ajabu. Deksametazoni ina nguvu mara 25 hivi kuliko homoni ya aina hiyo ambayo mwili hujitengenezea, kwa hiyo vidonge vichache vilivyosagwa vinatosha kuufanya unga wa muhogo uonekane muujiza. Muujiza wenyewe si mpya. Mwaka 1948, huko Marekani, Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic walimdunga kortizoni mwanamke aliyekuwa ameshikwa vibaya na baridi yabisi, na baada ya siku chache alitembea. Mwaka 1950 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Nobel. Madhara nayo yalionekana upesi, ndiyo maana leo madaktari huipima kortizoni kwa uangalifu na kumfuatilia anayeitumia.

Nilimuuliza kwa nini nilianguka baada ya kuacha, wakati nilidhani sumu imetoka. Alinieleza kwamba juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni hiyo kila siku, na kwamba mtu akiimeza kwa wiki nyingi tezi hulala. Mama mmoja kitanda cha pili, aliyekuwa akisikiliza, alilifafanua vizuri kumshinda daktari: jirani akikuletea chakula kila siku utazima jiko lako, na siku akiacha kuja, utakuta majivu yamepoa na kuni hakuna. Jiko langu lilihitaji muda wa kuwashwa tena. Kwa hiyo, jambo ambalo lilinichekesha na kunitia hasira pamoja, nilitibiwa kwa prednizoloni yenyewe, ya hospitali, yenye kipimo, ikipunguzwa kidogo-kidogo kwa wiki kumi na moja, huku sukari ikipimwa kila Jumatatu. Yeyote anayesoma haya na kuona dalili zangu ndani ya kioo chake, ninamsihi asiutupe unga wake leo usiku kama nilivyofanya mimi. Aende nao hospitali, ndani ya kifuko chake, akaseme ameutumia kwa muda gani na kwa kiasi gani, na kuacha kwake kuongozwe.

Gharama ni hizi. Vifuko ishirini vya unga vilikuwa faranga 100,000, ambazo wakati ule zilikaribia dola 50. Siku nne za kitanda pamoja na vipimo na dawa zilinila dola 140, nikauza mashine yangu ya pili kwa dola 110 na pesa zilizobaki nikakopa kwa likelemba letu, kikundi chetu cha kuchangiana pesa. Picha ya goti na vipimo vya damu, vitu ambavyo nilipaswa kuvianza Agosti 2021, vilikuwa dola 27 tu kwa jumla. Vilionyesha kwamba sina gauti, yaani jongo, wala ile baridi yabisi inayokula viungo vingi. Goti limelika gegedu, ugonjwa ambao Wafaransa huuita arthrose, na huvimba linapofanyishwa kazi kupita kiasi. Sukari ilishuka polepole, na mwezi wa Desemba ilikuwa 104 kabla ya kula. Daktari alisema nilikuwa na bahati, kwamba kuna wengine ambao kwao haishuki tena.

Nikiwa kitandani pale nilimkumbuka sana marehemu baba. Alifanya kazi katika mashamba ya kinkina, mti ambao kiwanda cha Pharmakina cha hapa Bukavu hutoa kwinini katika gome lake. Tulipokuwa watoto, homa ikitukamata, mama alichemsha mabaki ya gome tukanywa, na kuna siku masikio yangu yalilia kama nyenje hadi jioni, nikadhani nimekuwa kiziwi. Baba alipokuja alisema mama ameweka gome lililozidi. Alituambia kwamba kiwandani hawalinunui gome kwa macho: hulipima kwanza kujua limebeba kwinini kiasi gani, maana mti na mti hutofautiana. Kwa hiyo nililelewa katika nyumba ambamo gome lilikuwa dawa ya kweli, na ambamo kila mtu alijua kwamba gome lina kipimo. Nilisahau hayo yote mbele ya kipaza sauti.

Leo ninakunywa kikombe cha shangazi mara moja kwa siku, baada ya kula, kwa sababu tumbo tupu halikipendi. Manjano sinunui ya unga. Huko Bangladesh watafiti waligundua kwamba baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakiing'arisha kwa rangi yenye madini ya risasi, na tangu niliposikia habari hiyo rangi ya njano kali kupita kiasi hunitia shaka. Ninanunua vipande vizima, ninavikata vyembamba, ninavianika juu ya kitambaa safi na kuvitwanga mwenyewe, kidogo-kidogo ili visiote ukungu. Ninatumia kitu kimoja kipya kwa wakati mmoja na kuandika tarehe katika daftari lilelile la vipimo vya wateja, ili ngozi ikiwasha au tumbo likisokota nijue nani wa kulaumiwa. Daktari wangu anajua kila ninachokunywa. Alinionya kwamba mtu anayemeza dawa za kuifanya damu isigande, anayesubiri upasuaji, mwenye mawe katika nyongo, au mwanamke mjamzito, asizidishe tangawizi wala manjano kupita yale ya mchuzini kabla ya kuuliza. Na kwamba vidonge vya manjano yaliyokolezwa vimewahi kuwaletea watu wengine ugonjwa wa ini, ingawa manjano ya chunguni hayana kesi hiyo.

Lakini nikisema ukweli, kilicholisaidia goti langu zaidi hakinywewi. Nimekiinua kiti changu kwa ubao wa sentimita 6 ili goti lisijikunje sana ninapokanyaga, na kila baada ya saa moja ninainuka. Asubuhi na jioni, nikiwa nimekaa, ninanyoosha mguu mbele, ninahesabu hadi kumi, ninaushusha, mara kumi na tano kila upande. Misuli ya paja ikiwa na nguvu goti hupumzika. Nimepungua kilo 9, na kila kilo moja inayotoka mwilini huliondolea goti karibu kilo 4 za mzigo katika kila hatua, hesabu ambayo mtu anayekaa Kadutu huihisi bila kalamu. Msimu wa sare ukifika goti bado huvimba. Nililitarajia hilo, na siku hizo ninapunguza oda.

Kuna magoti ambayo hayafai kungojea kikombe hata kwa siku moja. Kiungo kilichovimba ghafla, chenye moto, pamoja na homa, huenda kina usaha ndani, na kikicheleweshwa siku chache huharibika kabisa. Kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku kiasi kwamba shuka haligusiki ni dalili ya gauti. Mikono yote miwili inayokakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja, wiki baada ya wiki, inataka kupimwa mapema. Mguu mmoja uliovimba kuanzia kwenye shavu la mguu, bila mwenzake, huenda una damu iliyoganda. Nimeyaweka haya kwa sababu wateja huniuliza, wakijua habari yangu, na huwa wanataka niwatajie jani.

Wale watatu niliowapeleka kwa muuzaji niliwafuata mmoja mmoja. Dada yangu alikuwa ameacha mapema kwa kukosa pesa. Mteja wa kwanza alikuwa amehama. Wa pili alikuja kwangu mwenyewe, Februari mwaka uliofuata, kushonesha nguo, akicheka, akiwa mzuri wa uso kuliko nilivyomwacha. Nilichukua futi, nikafungua ukurasa wenye vipimo vyake vya zamani. Kiuno kilikuwa kimezidi sentimita 9. Nilimwomba anyooshe mkono nikaupima juu ya kiwiko, kisha nikapitisha futi shingoni, na vidole vyangu vikagusa kile kibonge.

"Yaya," nilimwambia, kwa maana amenizidi umri, "ule unga bado unao kwenye mkoba?"

Alikuwa nao. Nilimwambia asiuache, autunze vilevile, na kesho saa mbili asubuhi tukutane chini barabarani. Kola yake niliikata kubwa, nikaacha nafasi ndani ya mshono ya kuipunguza.